UZI: Peter Canavan, ticha wa michezo aliyekuwa mfalme wa Tyrone bila kula mshahara wa mpira

Kocha wa Kijiweni (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu. Leo tutoke kidogo kwenye usajili na mikataba, nataka niwaletee habari za jamaa wa Ireland Kaskazini anaitwa Peter Canavan, mcheza mpira wa Kigaeli, alistaafu 2005. Najua mtauliza ndo mpira gani huo, naeleza chap chap ili tusipoteane af tuingie kwa mwamba mwenyewe.

Wachezaji 15 kwa 15. Mpira wa duara, mkono ruksa, mguu ruksa. Ukishaudaka huruhusiwi kukimbia nao zaidi ya hatua nne, lazima uudundishe chini au uuangushie mguuni upige danadana moja urudi mkononi, na kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Kwahiyo ukiona mtu anakata mbuga na mpira ujue njia nzima anapiga hesabu huku mabeki wanamtia mabega. Goli lina milingoti mirefu kama ya raga ila chini kuna nyavu kama letu. Enzi za Canavan ukipitisha juu ya mwamba ilikuwa pointi 1, ukizamisha nyavuni pointi 3. Ndo maana matokeo yao yanaandikwa 1-10, yani goli moja na pointi kumi, jumla 13. Hiyo hesabu muishike maana mbele kuna fainali inauma.

Sasa kilichonifanya nilete uzi: HAWALIPWI. Chama chao GAA kipo tangu 1884 na mpaka leo mchezo ni wa ridhaa, mchezaji anarudishiwa hela ya mafuta ya kwenda mazoezini na vijisenti vingine vya gharama, mshahara hakuna. Fainali inapigwa Croke Park pale Dublin, uwanja wa watu zaidi ya 82,000, unajaa mpaka tiketi watu wanatafutana kwa kujuana, af wiki inayofuata aliyefunga anarudi kazini kwake kama wewe na mimi. Na timu huchagui. Unachezea klabu ya parokia yenu na kaunti yenu, kuhama kupo kwenye karatasi ila ni nadra sana. Kaunti yenu ikiwa mbovu mnakufa wote nayo.

Canavan alizaliwa 1971, kaunti ya Tyrone, maeneo ya Glencull karibu na Ballygawley, familia ya watoto 11 na yeye wa kumi. Mfupi, mwembamba, ukimuona utadhani mtoto wa aliyekuja kuangalia mechi. Tyrone walikuwa hawajawahi kubeba kombe la Ireland nzima, Sam Maguire, hata mara moja. Walikaribia 1986 wakawaongoza kaunti ya Kerry kwa pointi 7 kipindi cha pili, wakapigwa.

Naendelea, nikimbie kwanza nikachukue chakula.

Bibi Harusi wa Tandika

Siti ya mbele, nimeshakaa na karanga zangu

mtata_namba_moja

Mkuu hii chai. Watu elfu 82 wanalipa kiingilio af wachezaji hawalipwi? Hela inaenda wapi, inaliwa na viongozi si ndio? Hapo sidanganyiki

Kocha wa Kijiweni

@mtata_namba_moja hiyo lawama hata wao wanairusha kila mwaka ujue, ila kwa sehemu kubwa hela inarudi chini, viwanja vya klabu, makocha wa watoto, na ndo maana kijiji cha nyumba mia tatu unakuta kina uwanja wa nyasi na taa. Sisemi hakuna wanaolamba, pesa ikiwepo wa kulamba hakosekani. Ila mchezaji kulipwa mshahara, hapana, na wengi wao wenyewe hawataki maana wakishalipwa tajiri atanunua timu nzima na parokia zitakufa.

Tuendelee. Hapa ndo pananiacha hoi.

Ballygawley parokia moja klabu moja. Mwanzoni mwa miaka ya 80 wakagombana ndani ya klabu, mzozo wa nidhamu ya mchezaji tu, ukakua ukawa ugomvi wa watu na watu, upande wa Glencull wakajitoa wakaunda timu yao. GAA wakasema hatuitambui, sheria ni parokia moja klabu moja. Familia ya Canavan ilikuwa upande wa Glencull. Kwahiyo dogo kakua kwenye timu ambayo kwenye vitabu haipo! Hakuna ligi, hakuna kombe, wanatafuta mechi za kirafiki kwa yeyote anayekubali kucheza nao. Kwenye umri ule ambao kijana anapikwa, yeye hajacheza mechi hata moja rasmi ya klabu.

Na dogo alikuwa moto. Makocha wa vijana wa Tyrone wanamtaka ila bila kuwa mwanachama wa klabu inayotambulika hawezi kuvaa jezi ya kaunti. Wakafanyaje? Wakamsajili klabu ya Killyclogher kama mcheza HURLING, ule mchezo mwingine wa GAA wa magongo. Mtu wa mpira kaandikishwa mcheza magongo ili apate karatasi ya kuchezea mpira timu ya vijana ya kaunti. Sheria inasema uwe mwanachama, haijasema wa mchezo gani. Wamemaliza.

Pacha wa Kigogo

😂😂😂 hao ni ndugu zetu kabisa, hapo kwenye kucheza na makaratasi ya usajili nimewakubali, nilidhani ni sisi tu

Mama Shukuru

Na huo ugomvi uliisha lini jamani, maana ugomvi wa watu wa kanisa moja ndo mbaya kuliko wote, watu wanakutana misa na hawapeani amani

Kocha wa Kijiweni

@Mama Shukuru uliisha 1990, walikaa chini na padri akiwemo katikati, wakaunda klabu mpya kabisa ikaitwa Errigal Ciarán, isiyo ya Glencull wala ya Ballygawley, wote wakaingia humo. Sasa angalia kilichofuata. Miaka mitatu tu, 1993, hiyo klabu ikabeba ubingwa wa Tyrone na ikabeba na wa Ulster nzima, yani jimbo lote la kaskazini. Watu ambao walikuwa hawasalimiani. Huku Canavan keshakuwa kapteni wa vijana wa chini ya miaka 21 wa Tyrone na wamebeba ubingwa wa Ireland 1991 wakarudia 1992. Nchi nzima ikaanza kuuliza huyu mfupi ni nani.

Mbongo wa Dublin

Nimeuona huu uzi nikacheka peke yangu kwenye basi. Mi niko huku miaka mingi sasa, mwanangu anacheza U12 kwenye klabu ya mtaa wetu, kila Jumamosi asubuhi niko pembeni ya uwanja nimeshika chupa za maji, mvua inapiga ya pembeni. Nawathibitishia, makocha wote ni wazazi, halipwi mtu. Na kwenye klabu wanakupokea kuliko sehemu nyingine yoyote huku, ukishajua jina la klabu yako ushakuwa mtu wa pale. Mleta uzi endelea, ila ukifika 2005 uniite, kazini kwangu kuna mzee wa Kerry nina mengi ya kusema.

Kocha wa Kijiweni

@Mbongo wa Dublin karibu sana mkuu, usiondoke.

1995. Tyrone wamefika fainali dhidi ya Dublin. Mpaka hapo Canavan ni mtu wa kuogopwa, kila timu inamtengea beki wa kumvuta jezi, kumkanyaga, kumtukania mama, na bado anafunga. Siku hiyo Tyrone walipata pointi 12. Kumi na mbili zote, Canavan kafunga KUMI NA MOJA. Rudieni kusoma. Timu nzima ya watu kumi na tano, wengine wote kwa pamoja wamepata pointi moja.

Na wakafungwa. Dublin 1-10, Tyrone 0-12. Piga hesabu: 13 kwa 12.

Ingekuwa imeishia hapo afadhali. Dakika za mwisho Tyrone wanashambulia, mpira unazagaa chini, Canavan kaanguka, kaupenyeza kwa mwenzake Seán McLaughlin, McLaughlin kapitisha juu ya mwamba, sare! Uwanja umelipuka. Refa Paddy Russell filimbi mdomoni, anasema hapana, Canavan kaugusa mpira kwa mkono ukiwa bado chini, na sheria yao ndo hiyo, mpira ukiwa ardhini huruhusiwi kuunyanyua moja kwa moja kwa mkono, lazima uchokonoe na mguu kwanza. Pointi ikafutwa. Na mechi hiyohiyo Charlie Redmond wa Dublin alitolewa nje na refa akabaki uwanjani anacheza kama hajaambiwa kitu mpaka refa akagundua akamtoa mara ya pili 😂 ila kicheko hicho cha kwetu, watu wa Tyrone mpaka leo hawacheki.

mtata_namba_moja

Sasa mkuu kama aliugusa si aliugusa? Refa afanyeje? Mi naona refa yuko sahihi tu

Pacha wa Kigogo

@mtata_namba_moja we unabishia hata refa wa nchi usiyowahi kufika

mtata_namba_moja

Nimeenda kuangalia video nimerudi. Mkono uko pale pale na mpira, kusema kweli hata ukirudisha nyuma picha haikupi jibu. Ila huyo aliyetolewa nje kubaki uwanjani ile ni fedheha, pale wangepata hata marudiano

Kocha wa Kijiweni

Mwaka uliofuata tena, 1996, mabingwa wa Ulster, nusu fainali wakakutana na Meath, watu wa shoka, Canavan akaumizwa mguu, wenzake kadhaa wakapasuliwa vichwa, wakatolewa. Baada ya hapo ni miaka ya ukame mrefu. Na huku yeye ni mwalimu wa PE, Holy Trinity College, Cookstown. Anaamka anafundisha watoto, jioni mazoezi, Jumapili mechi. Kuna wakati kila mtu aliona ndo basi, ataingia kwenye orodha ya wale wakubwa wasio na medali.

Sasa fikirieni angekuwa kwenye soka. Mwaka 1997 tu angeshachukuliwa na timu kubwa. Kerry wangemnunua, Dublin wangemnunua, angekuwa na makombe matano kabatini. Ila hakuna wa kukununua. We ni wa Tyrone, subiri Tyrone wapone.

Jogoo la Shamba

Hapa ndo umenigusa mkuu. Kwetu mchezaji akifunga mabao matatu wakala keshampigia simu

Chero_Iten

Niaje wasee. Mi ni wa upande wa Kenya, sikujua huu mchezo kabisa lakini hiyo roho ya kufundisha bila makelele naijua. Hapa Iten tuko na Brother Colm O'Connell, ni wa Ireland pia, wa Cork, alikuja St Patrick's 1976 kufundisha darasani tu, hakuwa hata na ujuzi wa riadha, akabaki akalea mabingwa wa dunia, Rudisha akiwa mmoja wao. Bado yuko. So nikisikia ticha wa Ireland na michezo, mi sishangai.

Kocha wa Kijiweni

@Chero_Iten asante kwa hiyo, Brother Colm nae anastahili uzi wake, uanzishe wewe uliye karibu nae.

Tufike 2003. Kocha Mickey Harte, ambaye ndiye aliyewalea vijana wa Tyrone mpaka ubingwa, kapewa timu ya wakubwa na kaja na kizazi chake. Canavan ana miaka 32, kapteni. Siku chache kabla ya fainali ya Ulster baba yake mzazi anafariki. Yule mzee aliyekuwa mtu wa Glencull tangu ule ugomvi. Mtoto kamzika baba, kaingia uwanjani. Mechi ile dhidi ya Down walichapwa goli 4 wakawa nyuma pointi 9 wakarudisha mpaka sare, marudiano wakawafumua.

Nusu fainali na Kerry, wakawabana Kerry mpaka mchambuzi mmoja wa runinga, Pat Spillane, mtu wa Kerry mwenyewe, akasema mpira ule unatia kichefuchefu. Ila mapema tu kipindi cha kwanza Canavan kifundo cha mguu kikaenda. Kaumia vibaya. Fainali iko mbele na ni dhidi ya jirani zao Armagh, bingwa mtetezi, mara ya kwanza kwenye historia fainali kukutanisha kaunti mbili za jimbo moja.

Harte akapiga hesabu ya ajabu. Kumuacha benchi tangu mwanzo hataki, maana timu ikimkosa kapteni wake inaingia imepungua. Kumchezesha dakika 70 mguu hauruhusu. Kwahiyo: anaanza, anapiga faulo zote za karibu, mapumziko anatoka, anafungwafungwa mguu, na ikibaki kama dakika kumi ANARUDI. Huko sabu anaruhusiwa kurudi. Na ndo ilivyokuwa. Kafunga pointi 5, katoka, dakika za lala salama kamera inaonyesha anavua trakisuti pembeni ya uwanja, na upande mmoja wa Croke Park ukaanza kunguruma kabla hata hajaingia. Mwishoni Steven McDonnell wa Armagh yuko peke yake na goli, Conor Gormley karuka kutoka sijui wapi kazuia kwa mikono. 0-12 kwa 0-9. Tyrone mabingwa kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, na anayepanda ngazi kunyanyua kombe ni yule ambaye zamani alikuwa kaandikishwa mcheza magongo.

Bibi Harusi wa Tandika

Nimepata vipele mwili mzima, na mpira wenyewe siujui

Mama Shukuru

Kumzika baba na kuingia uwanjani, Mungu ndo anajua alivyokuwa anajisikia

Kocha wa Kijiweni

Haikukaa sana furaha. Ukapteni alimuachia Cormac McAnallen, beki aliyecheza fainali ile, kijana msomi, mtulivu. Machi 2004 Cormac akafariki usingizini nyumbani kwao, moyo, miaka 24, na hakuna aliyejua ana tatizo. Kama una kijana wako anacheza kwa ushindani mpeleke wampime moyo, wakuu, naliweka hapa maana huku kwetu nako wanaanguka uwanjani.

2005 sasa. Canavan ana miaka 34, magoti na vifundo vimechoka, anatumika kwa vipande. Mwaka huo Tyrone walicheza mechi KUMI kwenye njia moja, sare na marudiano kila kona. Armagh peke yao walikutana nao mara tatu, na ile fainali ya marudio ya Ulster Canavan kaingia tu akala kadi nyekundu hata jasho halijatoka. Nusu fainali wakakutana tena, sare, dakika za majeruhi, Tyrone wanapata faulo. Owen Mulligan kausogelea mpira, af akamuachia Canavan. Sasa huyu Mulligan alikuwa MWANAFUNZI wa Canavan kule shule ya Cookstown! Mwanafunzi kampisha ticha. Ticha kapiga, katikati ya milingoti, 1-13 kwa 1-12, filimbi.

Fainali: Kerry. @Mbongo wa Dublin nakuita.

Mbongo wa Dublin

Nipo. Mngojee kwanza niwaambie goli. Karibu na mapumziko mpira mrefu umepigwa, huyohuyo Mulligan kaudaka juu, kageuka, kampenyezea Canavan anayekuja mbio. Mtu mwingine angebutua. Canavan kauzungusha kwa utaratibu tu chini chini mpaka kona ya mbali, kipa Diarmuid Murphy kajitupa hana habari. Dakika hiyohiyo unaona mechi imegeuka. Mwisho 1-16 kwa 2-10. Tyrone wana 19, Kerry 16.

Sasa la mzee wangu wa Kerry. Mwishoni kabisa Kerry wanatafuta goli, Colm Cooper, wanamuita Gooch, fundi wao mkubwa, katoa pasi anataka kukimbia aipokee tena mbele. Canavan, straika, mtu wa miaka 34, kamkumbatia kwa mikono miwili kiunoni kama mgambo na mmachinga, hamuachii, mpira unaenda kule wao wamekumbatiana huku. Huyo mzee kila tukila chakula cha mchana mtu akimtaja Canavan anaweka uma chini. Anasema: bingwa wa namna gani huyo anashika watu.

mtata_namba_moja

Nakubaliana na mzee. Huo ni uhuni, tusipambe

Jogoo la Shamba

Uhuni gani, ile ni akili ya mpira. Beki wako wote wamepitwa, we straika ndo uko karibu, utamuangalia tu aende kukufunga? Kahangaika na Tyrone tangu 1989 mnataka awe mstaarabu dakika ya mwisho

Pacha wa Kigogo

Kwani refa alikuwa wapi

Mbongo wa Dublin

Refa alikuwa anaufuata mpira. Faulo za makusudi za namna hiyo zilizidi mpaka 2014 wakaleta kadi nyeusi, unakumbatia mtu unatoka. Sisemi ni kwa sababu yake, timu zote zilikuwa zinafanya, Kerry nao wasijifanye malaika. Mi nilishamwambia yule mzee, angekuwa mtu wenu kamshika Canavan hivyo mngemsifu. Hakunisemesha mpaka siku ya pili.

Kocha wa Kijiweni

Mi msimamo wangu: ni kosa, na ningelifanya. Ukitaka kumuelewa Canavan usiangalie zile pointi 11 peke yake, iangalie na ile mikono. Watu wanampamba wanamuita Peter the Great kama mtakatifu, hakuwa mtakatifu, alikuwa mkorofi, anajibu beki kwa beki, alipigana mpaka na Waaustralia kwenye zile mechi za mseto wa mpira wa Kigaeli na ule wa Australia. Mtu mfupi asiyekuwa na ile roho asingetoboa miaka 16 pale mbele.

Baada ya filimbi ile akastaafu timu ya kaunti. Medali 2 za Ireland, 4 za Ulster, All Star (tuzo ya kikosi bora cha mwaka) mara 6 kati ya 1994 na 2005, tena ile ya mwisho kaipata kwa kucheza vipande vipande. Baadae akafundisha Fermanagh 2011 mpaka 2013, mafanikio ya kawaida tu sitawadanganya, akawa mchambuzi wa runinga, Sky na baadae RTÉ.

Mama Shukuru

Na watoto je, walirithi?

Mbongo wa Dublin

@Mama Shukuru wamerithi na kuzidi kelele. Darragh na Ruairí wote wako Tyrone. Darragh alikuwemo kikosini Tyrone walipobeba kombe 2021, Ruairí akabeba la chini ya miaka 20 mwaka 2022. Na klabu yao ni ileile Errigal Ciarán, mwishoni mwa 2024 wakabeba Ulster wakaja mpaka fainali ya vilabu Ireland nzima hapa Croke Park Januari 2025, wakafungwa na Cuala wa Dublin. Mwanangu alikuwa anashangilia Cuala, mi nilikuwa na Errigal, nyumbani hakukukalika siku hiyo.

mtata_namba_moja

Kwahiyo nani mkali, huyu Canavan au huyo Gooch? Nijibuni bila kuzunguka

Kocha wa Kijiweni

Kwa ufundi wa mguu Gooch, hata Tyrone wenyewe ukiwabana watakubali kwa shingo upande. Ila Gooch alizaliwa Kerry ambako makombe yanaota kama magugu. Ningekuwa na mechi moja ya kufa na kupona, faulo ya dakika ya mwisho, mvua inanyesha, nampa Canavan.

mtata_namba_moja

Nabisha. Kesho naleta uzi wangu wa Gooch

Pacha wa Kigogo

Wa Kerry tumempata 😂